Vidole vya Fundi wa Usukani

Uso wake siukumbuki vizuri. Mikono yake ndiyo naikumbuka. Kwa miaka kumi na zaidi niliongea na mtu aliyekuwa chini ya miguu yangu: mimi juu kwenye kiti cha dereva, yeye chini kwenye shimo lake la udongo mwekundu, na kati yetu bati la sakafu ya gari. Sauti ilipanda, uso ukabaki huko chini pamoja na grisi. Alipotoka shimoni ilitangulia mikono, ikashika ukingo. Vidole vilikuwa vifupi, vinene, lakini ncha zake laini ajabu, utadhani ni za mwalimu wa shule ya nasari. Mara nyingi nilikuwa nimeshamvuta nje kabla sijaiona kofia yake.

Alikuwa fundi wa magari karibu na Sironga, kando ya barabara ya kwenda Nyamira. Watu walimwita fundi wa usukani, maana kazi hiyo aliijua kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Mimi nilikuwa dereva wa zahanati ya masista. Kazi yangu ilikuwa kupanda milima ya Manga kuwachukua akina mama waliozidiwa na uchungu na kuwateremsha wakiwa hai. Kama uliijua barabara ile, miaka ile michache baada ya uhuru, hutaniuliza kwa nini fundi wa usukani alikuwa na maana kwangu kuliko hata padri, Mungu anisamehe. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hewa tupu. Ukifika kwenye kona na gurudumu lisigeuke pale pale, umekwisha. Nyuma amelala mama mwenye roho mbili, mbele niko mimi na yangu moja, na zote tatu zimeshikwa na vidole vya mzee yule. Vikikosea, tumekwenda.

Nilimwendea mara ya kwanza nikiwa nimefura. Hasira zangu ziko karibu, mke wangu atakwambia. Gari lilikuwa linatembea kama mlevi anayerudi nyumbani, mara huku, mara kule, nami nikilisahihisha mpaka mabega yakauma. Usukani ulicheza upana wa kiganja kabla magurudumu hayajajua kwamba yameitwa. Niliegesha juu ya shimo, nikatoa kichwa dirishani.

"Fundi, boksi ya usukani imekwisha. Kaza ile skrubu yake, mimi nirudi kazini."

"Nani amekwambia ni boksi?"

"Mimi ndiye dereva."

"Basi kaa hapo hapo kwa kiti cha dereva."

Hakuchukua spana. Alilizunguka gari kwanza, akapitisha kiganja juu ya kila tairi la mbele, taratibu, kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. "Hii inaliwa upande mmoja," alisema, wala hakuwa anasema na mimi. Halafu akaingia shimoni, akavuta kigoda chake cha miguu mitatu, akakaa. Nilisikia anakohoa mahali fulani chini ya kanyagio la breki.

"Sasa funga macho."

"Nifunge macho kwa nini? Gari imesimama."

"Ndiyo maana nakwambia ufunge sasa. Ukingoja itembee ndio ufunge, utaua watu."

Nilifunga, huku nikimtukana moyoni.

"Geuza kidogo. Hapana, hiyo ni nyingi. Kidogo kabisa. Kushoto. Kulia. Kushoto. Kama mtu anabembeleza mtoto."

Kati ya usukani na gurudumu kuna vyuma vingi vilivyoungana, kila kiungo na kijiti chake chenye kichwa cha mviringo. Yeye aliweka vidole viwili juu ya kila kiungo, kimoja chuma hiki, kimoja chuma kile. Vyuma vikienda pamoja, alisogea mbele. Kimoja kikitangulia kingine, hata kwa upana wa unywele, alisimama hapo. Ndiyo siri yote. Hakuna mashine, hakuna kipimo, ni vidole na subira, na mtu wa juu anayegeuza polepole.

"Mkono wako umesema, gurudumu halijasikia," sauti ilipanda. "Neno limepotelea njiani. Tulitafute."

Na nyinyi mnaosoma, hebu jaribuni siku moja. Funga macho, shika usukani wa gari lililozimwa, ugeuze kidogo, urudishe, ugeuze. Baada ya muda hujui kama umekaa au unaelea. Nilisikia kengele ya shule huko Sironga, nikasikia mashine ya kusaga ng'ambo ya kijito, nikasikia ukungu ukidondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Hasira zikanitoka moja moja. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Aliponiambia "Iko hapa," nilishtuka kama mtu aliyeamshwa kanisani.

Kilikuwa kiungo cha kushoto, karibu kabisa na gurudumu. Kichwa chake kilikuwa kimelika mpaka kikawa na umbo la yai. Boksi ilikuwa nzima.

"Na ulitaka kuisingizia," alisema.

Hakukubali mtu mwingine ageuze usukani isipokuwa yule anayeliendesha gari. Mwenye gari akituma mtu, anarudishwa. "Ugonjwa unaujua wewe," alikuwa akisema, "mimi naujua mwili tu." Basi walikuja wenyewe, wafanyabiashara wa Kisii mjini na tai zao, walimu wakuu, mchungaji mmoja mwenye kitambi, na wote wakakaa pale wamefumba macho wakibembeleza. Na mtu akikaa hivyo, na anayemsikiliza haonekani, mdomo hufunguka wenyewe. Watu walisema mambo kwenye kiti kile. Fundi alijibu machache, tena mara nyingi jibu lake lilikuwa "kulia kidogo."

Mimi pia nilisema. Siku ya pili au ya tatu kwenda kwake, nikiwa nimefumba macho, nilimwambia habari ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa njiani. Mke wangu alikuwa amebebwa kwenye machela na ndugu zangu wanne, tunateremka Manga kwa miguu, na kabla hatujafika barabarani ikawa basi. Mtoto hakulia. Nilimfunika kwa koti langu. Niliposikia kwamba masista wameleta gari na wanatafuta dereva, sikuuliza kitu kingine chochote. Nilijiapia kwamba mama nitakayemchukua mimi hatafia njiani.

Vidole havikusogea, nilijua, kwa sababu hakuniambia nigeuze. Baadaye sauti ikaja: "Pole, ndugu yangu. Basi gari hii tutaishika vizuri." Tangu siku hiyo, kabla sijapanda Manga kwa safari ndefu, nililipitisha kwake hata kama halikuwa na kasoro. Nilisema ni kwa ajili ya usukani. Nilikuwa namdanganya nani?

Alikuwa mtu wa ajabu kidogo, tusimpake sukari. Kwanza hakuwahi kuendesha gari. Hata kupanda hakupenda. Kwenda kanisani, kwenda sokoni, kwenda matanga Birongo, ni kwa miguu, mwavuli kwapani. Nikisimama kumpa lifti ananipungia niendelee.

"Panda bwana, ni gari umetengeneza wewe mwenyewe!"

"Ndiyo. Najua yaliyo chini yake."

Pili, alikuwa Msabato wa kweli kweli, asiyeonja chai wala kahawa. Chai ilipoanza kupandwa huku kwetu kwa wingi, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Kilima kizima nyuma ya nyumba yake kikawa kijani kibichi, na yeye anakunywa uji wa wimbi. Mimi Mkatoliki sikuweza kuacha hiyo ipite.

"Fundi, unapanda kitu hukinywi?"

"Wewe unabeba wajawazito kila wiki. Umewahi kubeba mimba?"

Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alicheka mpaka akaweka chini sufuria.

Magari yaliyomfikia yalikuwa yameshapitia mikononi mwa watu. Huku kwetu mgomba ni chakula, ni nyumba, ni kamba, ni mwavuli, basi mtu gari lake likilegea anakimbilia mgombani. Nilikuwepo siku aliyokuja mchuuzi wa ndizi kutoka Birongo na pikapu yake. Kiungo cha usukani kilikuwa kimefungwa kamba ya mgomba, imelowekwa kwenye mafuta, imezungushwa juu ya kipande cha ngozi ya mbuzi, imesukwa mafundo mazuri madogo madogo. Ameendesha hivyo mwezi mzima na ndizi hadi juu. Mimi nilishika kichwa. Lo! Fundi hakucheka. Alikaa kwenye kigoda akafungua fundo moja moja, bila kukata hata moja.

"Nani alifunga?"

"Ni mama yangu mzazi," mchuuzi alijibu, na kifua mbele.

"Msalimie sana. Amefunga vizuri kuliko mafundi wawili ninaowajua. Lakini mwambie mgomba hukauka."

Kamba ile aliitundika kwenye msumari pale kibandani. Alikuwa na dharau kwa watu wengi wenye vyeti, lakini kwa mama yule ambaye hakuwahi kumwona alikuwa na heshima ya kudumu, akimtaja hata mbele ya wateja wakubwa.

Halafu kulikuwa na Ijumaa. Kila mtu anajua Sabato inaanza jua likitua. Yake ya usukani ilianza adhuhuri. Ijumaa, ikishafika saa sita mchana, angekuzibia pancha, angekusafishia plagi, lakini usukani hagusi hata umlilie. Nilimtania kwa miaka. Nilimwambia Mungu wake lazima ana saa mbovu. Siku moja mvua ya alasiri ilitukuta, mvua yetu ile inayokuja na mawe, ikawa haiwezekani kutoka, yeye shimoni anateka maji kwa karai, mimi juu. Ndipo aliponiambia.

Alikuwa bado kijana katika kazi. Ilikuwa Ijumaa, jua limekaribia kugusa mlima, chakula cha Sabato kimeshapikwa, maji ya kuoga yamewekwa. Akaja mwenye lori la pareto, ana haraka kuliko yeye. Usukani unacheza. Fundi alijua inabidi kutafuta, kiungo kwa kiungo. Akalitazama jua. Akachukua bisibisi, akakaza ile skrubu ya boksi, na kucheza kote kukaisha hapo hapo, usukani ukawa mgumu, mzuri.

"Mwenyewe akanishukuru," alisema kutoka chini, sauti ikichanganyika na mvua. "Nikaoga. Nikaenda nikaimba."

Kwenye kona kali ya kwanza usukani ulikubali kwenda, ukakataa kurudi. Lori lililala kwenye kahawa ya watu. Mwenyewe alipona, lakini nyonga haikurudi sawa.

"Ukafanya nini?"

"Nikamlimia. Kila Jumapili, misimu mitatu."

"Alitaka umlimie?"

"Hapana. Mwaka wa kwanza hakunisalimia hata." Karai likakwaruza udongo. "Kukaza ni rahisi, dereva. Kutafuta ndiyo kazi."

Nimekaa na maneno hayo maisha yangu yote. Nilidhani mtu aliyeyasema amemaliza makosa yake.

Sijui vidole vilianza kufa lini. Watu wengine walisema ni petroli, miaka yote ile ya kunawia petroli na kupaka majivu. Wengine wakasema ni nyundo, wengine uzee tu. Nakumbuka siku niliyoona. Mama alituletea uji, umetoka kwenye moto sasa hivi, kwenye vikombe vya bati. Mimi changu nilikitua haraka juu ya boneti, nikapuliza vidole. Yeye alikishika chake kwa mikono miwili, akaendelea kuniambia habari za bei ya mbolea. Nilitazama mvuke ukipanda kati ya vidole vyake. Alipokitua, ngozi ilikuwa imegeuka nyekundu, na hakuitazama.

Baada ya hapo nilianza kuona mengine. Vifungo vya shati alifungiwa na Mama. Spana ilimdondoka, akaitafuta kwa macho wakati ilikuwa imegusa mguu wake. Na pale shimoni, yeye aliyekuwa akinigombeza kwa kugeuza sana, sasa alianza kusema, "Ongeza. Ongeza kidogo." Niliongeza. Nilinyamaza. Nilijiambia ni heshima, mtu mzima haambiwi mambo ya mwili wake. Nanyi mnajua heshima ya namna hiyo inavyofanana na woga.

Ilikuwa masika, Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimeliacha gari kwake tangu jana yake kwa sababu lilikuwa linavuta upande. Nilikuta amelimaliza, tukalipima mara ya mwisho, yeye chini, mimi juu, ongeza, ongeza. Tulipokuwa hapo akafika mtu kwa miguu kutoka juu Manga, matope hadi magotini, anahema. Dada yake, mimba ya kwanza, uchungu tangu jana alfajiri, mtoto hatoki. Masista wamemwambia gari liko hapa.

Fundi alitoka shimoni. "Iko sawa," alisema. "Nenda."

Yule mtu alikuwa ameshafungua mlango. Nami nilikuwa nimeshashika ufunguo. Kwa mazoea tu, sikuambiwa na mtu, nilifumba macho nikaugeuza usukani kidogo, nikaurudisha. Mkono ulisema, gurudumu halikusikia. Nikarudia. Vidole viwili vizima vya hewa tupu. Nilifumbua macho. Fundi alikuwa amesimama anatazama chai yake kilimani, amelipa gari mgongo. Mama alikuwa mlangoni pa jiko.

"Fundi," nilisema, "bado inacheza."

"Nimeshika yote."

"Bado inacheza."

Alirudi shimoni. "Geuza." Niligeuza. "Geuza sana." Niligeuza mpaka matairi yakalia kwenye mbao za ukingo wa shimo.

"Sisikii," alisema.

"Jaribu cha mbele yake."

"Sisikii kitu, dereva. Hakuna. Vidole vimekufa."

Mtu wa Manga alitutazama mmoja baada ya mwingine, haelewi kwa nini hatuondoki. Na mimi, haki ya Mungu, naona aibu kuandika, nilimfokea mzee yule mbele ya mkewe kama mtu anavyomfokea kuli. "Toka huko! Toka, ukae hapa, mimi nishuke!"

Alitoka. Akapanda, akakaa kwenye kiti, yeye ambaye sikuwahi kumwona amekaa kwenye gari. Niliingia shimoni, maji yakanifika kwenye vifundo vya miguu. Niliweka vidole viwili kama nilivyomsikia akieleza. Alianza kugeuza. Juu yangu sauti yake ilikuwa tulivu, ya kazi, kama siku zote. Alinipitisha kiungo kwa kiungo. Kwenye cha nne, chuma kimoja kilitangulia. Kingine kikafuata baadaye kidogo, kwa uvivu. Nilikisikia hadi kwenye meno.

"Iko hapa!" nikapiga kelele.

"Kuna kipya ndani ya mkebe wa kakao," alisema. "Piga nyundo pande mbili kwa pamoja, kitaachia. Ukikizungusha kutoka, hesabu mizunguko. Kipya ukirudishe kwa hesabu ile ile, sivyo gari itatembea upande." Nilihesabu kumi na moja. Nikarudisha kumi na moja. Nilipokaa tena kwenye kiti usukani ulikuwa mkononi mwangu wote, kila kipande chake, na tuliondoka bila kuagana.

Yule dada tulimteremsha salama. Alijifungua msichana zahanati, mara tu tulipomlaza kitandani, na mtoto alilia kiasi cha kuudhi. Nilitoka nje, nikaegemea gari, nikalia na mimi.

Wiki ile ile fundi alifunga kibanda chake. Nilisikia kwa watu kwamba amefukia shimo. Gari nilianza kulipeleka Kisii mjini, kwenye gereji yenye ukuta na saa. Kwake sikwenda. Nilijiambia nina kazi. Nilijiambia nimemvunjia heshima mbele ya mkewe, nikamnyang'anya kazi yake kwa sentensi moja, atanitazama kwa jicho gani? Nilijiambia nitakwenda baada ya masika, baada ya mavuno, baada ya Krismasi.

Ilipita miaka mitatu. Nilimkuta Birongo, siku ya soko, alasiri. Alikuwa amekaa chini kando ya ndizi zake juu ya majani makavu, kofia ile ile, mikono imelala mapajani. Mama alinisalimia kwa furaha ya kweli, akaniulizia mke na watoto, maana wakati huo tulikuwa na wawili. Halafu akasema anakwenda kutafuta chumvi, nami nikajua anatuachia nafasi.

"Fundi," nilianza, "siku ile nilikukosea."

"Ngoja," alisema. "Mimi nianze, kwa maana langu ni kubwa." Alikuwa anatazama watu wakipita. "Siku ile ulipoona inacheza, mimi nilikuwa nimejua zamani. Kabla ya siku hiyo nilikurudishia gari mara mbili bila kusikia kitu. Nilikaa shimoni, nikangoja kiasi cha muda ningetumia kama ningekuwa nasikia. Halafu nikakwambia iko sawa."

Sikuelewa kwa mara moja. Kisha nikaelewa.

"Ukafanya nini?"

"Nikasimama barabarani nikiomba. Mpaka nikusikie unateremka."

Mara mbili. Niliwakumbuka akina mama wale wawili. Wa kwanza alikuwa na mapacha. Wa pili alikuwa mke wa mwalimu, ameshika kiti changu kwa nyuma njia nzima, nami nikimwambia usiogope mama, gari limetoka kwa fundi asubuhi hii. Nilisimama. Watu wakageuka.

"Ulijua nambeba nani! Wewe ndiye mtu pekee niliyekwambia habari ya mtoto wangu!"

"Uliniambia."

"Basi kwa nini? Kazi? Uliogopa kukosa kazi?"

"Kazi ya nini? Nina chai. Nina migomba." Aliitazama mikono yake kana kwamba imeachwa hapo na mtu mwingine. "Kila ulipokuja ulikaa saa nzima ukiniongelesha. Niliogopa nikisema vidole vimekufa, hutakuja tena."

Nilikuwa nimeinua mkono, nimejaa maneno ya kumwambia, maneno makali, tena ya haki. Nikayatafuta. Kutoka zahanati hadi kwenye lango lake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kwa gari ni dakika chache, na barabara ya Manga inapita pale pale, haina nyingine. Nilikuwa nimepita mara mbili kwa wiki, kwa miaka mitatu, nikikanyaga mafuta kila nilipokaribia ua wake wa mchongoma.

Nilikaa chini juu ya majani, kando yake. Mama alikuwa anarudi na chumvi yake, anatutazama kwa mbali.

"Masikio yangu ni mazima," fundi alisema. "Nilikuwa nakusikia ukipita."